Kigoda cha Kansas: mguu mmoja ulipokatwa

Jumanne usiku, 6 Juni 2017, Seneti ya jimbo la Kansas ilihitaji kura 27 kati ya 40 ili kuipindua kura ya turufu ya gavana. Zilipatikana 27 kamili. Baraza la Wawakilishi, ambako 84 zingetosha, likafuata kwa 88. Wengi wa waliopiga kura hizo walikuwa Warepublican, chama kilekile cha gavana Sam Brownback, na walichokuwa wakikipitisha ni sheria ya kupandisha kodi ya mapato. Mwanasiasa wa chama hicho, katika jimbo la ngano na mafuta, huwa haombi kazi kwa kuahidi kodi kubwa zaidi. Miaka mitano tu kabla, Bunge hilohilo ndilo lililopitisha punguzo ambalo sasa lilikuwa likifutwa.

Kisa hiki kimezungumzwa sana kama ugomvi wa nadharia: je, kupunguza kodi hukuza uchumi au hakukuzi? Mimi nadhani hapo ndipo watu wengi wanapopotea njia. Kinachofaa kutazamwa Kansas ni mifuko. Jimbo lilipopoteza mapato, pengo lilizibwa na nini, na nani aliyelipa bila kuulizwa?

Kwanza tuelewe fedha za jimbo zinavyokwenda, maana jimbo si nchi. Serikali ya shirikisho kule Washington inaweza kutumia kuliko inavyokusanya, mwaka nenda mwaka rudi, na kuuza hati fungani kuziba tofauti. Kansas haina uhuru huo. Katiba yake inalitaka Bunge litafute, katika kila kikao cha kawaida, mapato ya kutosha kulipia matumizi ya kawaida ya serikali. Katiba hiyohiyo inazuia deni la jimbo lisipite dola milioni moja mpaka wananchi wapige kura. Kiasi hicho kiliandikwa karne ya 19, wakati milioni moja ilikuwa milioni kweli, na tutaona baadaye jinsi kinavyozungukwa.

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Kabla ya kugawana chochote, wataalamu wa ofisi ya bajeti, wa idara ya mapato na wa kitengo cha utafiti cha Bunge hukaa pamoja na wanauchumi wa vyuo vikuu, wakakubaliana makadirio ya makusanyo. Hufanya hivyo mara mbili kwa mwaka, majira ya vuli na ya kuchipua. Tarakimu inayotoka hapo ndiyo ya wote: gavana anaandalia bajeti yake juu yake, na Bunge linajadili juu yake. Ni utaratibu mzuri, kwa sababu hakuna anayekuja na hesabu zake za mfukoni. Lakini makadirio ni makadirio. Wataalamu wakikosea, bajeti nzima imekosea.

Topeka, mji mkuu wa Kansas, husemwa kwamba mapato ya umma yanakaa juu ya kigoda cha miguu mitatu: kodi ya mapato, kodi ya mauzo, na kodi ya ardhi na majengo. Huo wa tatu kwa sehemu kubwa unabaki mikononi mwa kaunti, miji na wilaya za shule. Kwa hiyo mfuko mkuu wa jimbo, wenye kama dola bilioni 6 wakati ule, ulitegemea hasa ile miwili ya kwanza, na ulio mnene zaidi ulikuwa kodi ya mapato ya watu binafsi. Katika mwaka wa fedha wa 2013 iliingiza kama dola bilioni 2.9, karibu nusu ya mfuko. Pembeni kuna vyungu vingine. Ushuru wa mafuta ya magari una mfuko wake wa barabara, na fedha za shirikisho huja na masharti yake, hasa za Medicaid, bima ya afya ya watu wa kipato kidogo, ambayo Washington hulipa zaidi ya nusu ya gharama zake.

Upande wa matumizi ndio unaowashangaza wengi. Karibu nusu ya mfuko mkuu wa Kansas huenda kwenye shule za msingi na sekondari. Ongeza vyuo vikuu, umeshapita asilimia 60. Ongeza sehemu ya jimbo katika Medicaid na huduma za jamii, magereza, polisi wa barabara kuu na michango ya pensheni, na kinachobaki ni makombo. Kwa hiyo mgombea anayesema atapunguza mamia ya mamilioni kwa kuondoa ubadhirifu ofisini anasema jambo ambalo hesabu haimruhusu. Fedha ziko madarasani na hospitalini. Atakayekata sana atakata hapo, apende asipende.

Brownback aliingia madarakani Januari 2011. Alikuja na nia iliyo wazi, kuipeleka kodi ya mapato hatua kwa hatua hadi sifuri, na kama mshauri jimbo lilimlipa Arthur Laffer, mwanauchumi anayejulikana tangu enzi za Rais Reagan. Pendekezo la kwanza la gavana lilikuwa na uzani wake: viwango vishuke, lakini misamaha kadhaa ifutwe na kodi ya mauzo ibaki juu ili kufidia. Bungeni yale ya kufidia yaliondolewa, yakabaki matamu peke yake. Maseneta waliokuwa na wasiwasi walikuwa wamekubali kuusogeza mswada wakiamini utarekebishwa katika mazungumzo ya mabaraza mawili. Baraza la Wawakilishi halikuwasubiri. Likaupitisha kama ulivyo, na gavana akautia saini Mei 2012. Miezi mitatu baadaye kadhaa kati ya maseneta hao wa msimamo wa wastani waling'olewa na wenzao katika kura za mchujo za chama.

Sheria ilifanya mambo mawili makubwa. La kwanza, kiwango cha juu cha kodi ya mapato kilishuka kutoka asilimia 6.45 hadi 4.9, na sheria nyingine ya 2013 ikaendelea kukishusha. La pili ndilo lililokuwa sumu. Faida ya biashara ambazo hazitozwi kodi kama kampuni, bali faida yake huhesabiwa kuwa mapato ya mwenye biashara, ilifutiwa kodi ya jimbo kabisa. Wamo humo wakulima, wakandarasi, mawakili, madaktari wenye zahanati zao na wenye kampuni ndogo za kila aina. Hawakupunguziwa; walipelekwa kwenye sifuri.

Fikiria mafundi bomba wawili wanaofanya kazi ileile kwa kipato kilekile. Mmoja ameajiriwa, anakatwa kodi kila mwezi. Wa pili amesajili kampuni yake, na jimbo halimdai kitu. Huhitaji shahada ya uchumi kujua fundi wa kwanza ataanza kuwaza nini. Makadirio ya awali yalisema wanufaika wangekuwa kama 191,000. Walifika zaidi ya 330,000. Waandishi wa habari waligundua hata kwamba kocha wa mpira wa kikapu wa chuo kikuu cha umma, mmoja wa watu wanaolipwa vizuri zaidi jimboni, alikuwa akipokea sehemu kubwa ya malipo yake kupitia kampuni yake. Hakuvunja sheria yoyote. Wanauchumi waliochambua hati za kodi baadaye walikuta kilichotembea zaidi ni majina, mshahara ukiitwa faida, kuliko biashara mpya kuzaliwa.

Wakati gavana akiandika gazetini kwamba sera hiyo itakuwa kama sindano ya adrenalini kwenye moyo wa uchumi wa Kansas, upande wa pili wa daftari ulikuwa ukimega wasionacho. Mpango wa kuwarudishia watu wa kipato kidogo sehemu ya kodi ya chakula uligeuzwa kuwa nafuu inayomfaa tu anayedaiwa kodi ya mapato. Asiyedaiwa, kwa kuwa kipato chake ni kidogo mno, akakosa.

Mwaka wa fedha wa 2014 ndio uliofichua mambo. Mfuko mkuu ulishuka kutoka kama dola bilioni 6.3 za mwaka uliotangulia hadi kama bilioni 5.65, na ukawa pungufu ya makadirio kwa zaidi ya dola milioni 300. Kwa haki, gavana alikuwa na hoja. Mwishoni mwa 2012 wawekezaji kote Marekani waliuza hisa mapema wakihofia kodi mpya za shirikisho za Januari 2013, na hilo likayavimbisha mapato ya majimbo kwa mwaka mmoja kisha kuyaacha yamepwaya. Baadaye bei za nafaka na mafuta nazo zikaanguka. Haya yote ni kweli, ila majirani wa Kansas walipigwa na upepo huohuo na hawakuachiwa shimo la namna ile. Ajira za Kansas ziliendelea kukua polepole kuliko za nchi kwa jumla. Katika eneo la mji wa Kansas City, ambao mstari wa mpaka wa Missouri unapita katikati yake, kampuni iliweza kuhamia upande wa pili wa barabara na kuhesabiwa kama ajira mpya.

Sasa tufike kwenye mifuko.

Cha kwanza kuliwa ni akiba. Jimbo lilikuwa limefunga mwaka wa 2013 likiwa na salio la kama dola milioni 700. Sheria inataka salio la mwisho wa mwaka lisiwe chini ya asilimia 7.5 ya matumizi, lakini Bunge lina desturi ya kujisamehe sheria hiyo, na lilijisamehe tena na tena mpaka salio likabaki la kuhesabika kwa siku za mishahara.

Cha pili kilikuwa mfuko wa barabara. Mwaka 2010 Kansas ilikuwa imejiwekea mpango wa barabara wa miaka kumi wenye thamani ya karibu dola bilioni 8, na wananchi waliambiwa nyongeza ya kodi ya mauzo ya mwaka huo ingesaidia kuulipia. Kila bajeti ilipopwaya, mamia ya mamilioni yalihamishwa kutoka idara ya uchukuzi kwenda mfuko mkuu. Watu wakaipa jina, Benki ya KDOT, kwa herufi za idara hiyo, ingawa benki hukopesha na kudai, na hii ilikuwa ikichotwa tu. Miradi ikaahirishwa. Lami iliyoahirishwa haina mwenye kuililia mwaka huo, ndiyo maana mfuko huo ulipendwa.

Cha tatu ni pensheni za walimu na watumishi wa umma. Mwaka 2015 jimbo liliuza hati fungani za dola bilioni moja kupitia chombo chake cha kukopa, ambacho madeni yake hayahesabiwi ndani ya ile milioni moja ya Katiba. Fedha zikaingizwa kwenye mfuko wa pensheni kwa matumaini kwamba uwekezaji utazaa zaidi ya riba, iliyokuwa chini ya asilimia 5. Kamari hiyo si ya kipumbavu yenyewe. Majimbo mengine yameicheza. Shida ni kwamba papo hapo michango ya kawaida ya jimbo ilipunguzwa, kana kwamba mkopo ni mchango. Mwaka uliofuata, malipo ya robo mwaka ya karibu dola milioni 100 yakacheleweshwa, kwa ahadi ya kuyalipa na riba ya asilimia 8. Ahadi hiyo nayo ikaja kugeuzwa kuwa malipo ya vipande vidogo kwa miaka 20. Waswahili tuna neno la kukopa harusi kulipa matanga, ila hapa waliokopa walikuwa wa kizazi kimoja na watakaolipa ni wa kizazi kingine.

Halafu mzigo ukaja kwa mtu wa kawaida dukani. Katika 2015 Bunge lilikaa kwa zaidi ya siku 110, wakati kikao cha kawaida ni siku 90, wafanyakazi wa serikali wakiwa wameshaonywa kwamba wanaweza kurudishwa nyumbani bila malipo. Kilichotoka humo ni kupandisha kodi ya mauzo kutoka asilimia 6.15 hadi 6.5, na ushuru wa sigara kwa senti 50 kila pakiti. Kansas ilikuwa miongoni mwa majimbo machache yanayotoza chakula cha nyumbani kodi kamili ya mauzo. Juu ya kodi ya jimbo huja ya kaunti na ya mji, kwa hiyo mfuko wa unga na maziwa ulibeba zaidi ya senti 8 au 9 kwa kila dola katika miji mingi. Mwenye kampuni aliyelipa sifuri na mama anayenunua maziwa wote walikuwa ndani ya kigoda kimoja, ila mguu mmoja ulikuwa umekatwa na mwingine ukaongezewa uzito.

Hata hivyo haikutosha, na mwishowe kisu kikafika pale hesabu iliposema tangu mwanzo kitafika. Februari 2015 gavana alitangaza kupunguza dola milioni 44.5 za shule na vyuo vikuu katikati ya mwaka. Majira hayo ya kuchipua wilaya mbili za shule, Concordia na Twin Valley, zilifunga masomo siku kadhaa kabla ya ratiba kwa sababu ya fedha. Mei 2016 vyuo vikuu vilikatwa asilimia 4 na malipo ya watoa huduma wa Medicaid yakakatwa asilimia 4 pia. Ukikata malipo ya Medicaid unapoteza na fungu la Washington linaloambatana nayo, kwa hiyo dola moja iliyookolewa Topeka iliziondoa zaidi ya mbili hospitalini. Kampuni za kupima uwezo wa kulipa madeni nazo zilikuwa zikiangalia. Moody's iliishusha Kansas daraja mwaka 2014, S&P ikafanya hivyo mwaka huohuo na tena 2016.

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye gavana hakuweza kumwambia asubiri mwaka kesho, naye ni Mahakama ya Juu ya jimbo. Katiba inalitaka Bunge litoe fedha zinazofaa kwa ajili ya elimu, na tangu 2010 wilaya kadhaa za shule zilikuwa zimelifikisha jimbo mahakamani katika kesi ya Gannon. Mwaka 2014 mahakama ilisema mgawo baina ya wilaya tajiri na maskini hauna usawa. Bunge likajibu 2015 kwa kuifuta kanuni ya mgawo ya tangu 1992 na kuweka ruzuku za mkupuo, zilizozigandisha shule mahali zilipokuwa. Tarehe 2 Machi 2017 majaji walitamka kwa sauti moja kwamba fedha hazitoshi, wakitaja kwamba karibu robo ya wanafunzi wa shule za umma hawakufikia viwango vya msingi vya kusoma na hisabati. Bunge lilipewa mpaka 30 Juni.

Mimi nadhani uamuzi huo ulifanya kazi ambayo hoja za wanauchumi zilishindwa kufanya kwa miaka minne. Barabara haina wakili. Mfuko wa pensheni hulalamika kwa lugha ya wahasibu. Shule zilikuwa na kifungu cha Katiba na tarehe ya mwisho.

Wapiga kura nao walikuwa wameshasema. Katika kura za mchujo za Agosti 2016 Warepublican kadhaa waliomfuata Brownback waliangushwa na wenzao wa wastani, na Novemba Wademokrati wakaongeza viti. Februari 2017 Bunge jipya lilijaribu mara ya kwanza kuifuta sera ile. Gavana akatumia kura ya turufu. Wawakilishi wakaipindua kwa 85, Seneti ikaishia 24, pungufu ya tatu. Wakarudi mezani. Kufikia Juni mikono ilikuwa imefungwa kila upande: akiba imekwisha, Benki ya KDOT imekauka, mahakama inasubiri, na mwaka mpya wa fedha uko mlangoni. Kura tatu zilizokosekana Februari zikapatikana.

Sheria ya 2017 ilifuta ule msamaha wa sifuri na kuweka kiwango cha juu cha asilimia 5.7 kuanzia 2018, ikitegemewa kuingiza kama dola bilioni 1.2 kwa miaka miwili. Watu husahau kwamba 5.7 bado ni chini ya 6.45 ya zamani. Walichorudisha hasa ni upana wa kodi, yaani kila mwenye kipato alipe kitu. Kama Kansas ingepunguza viwango tu na kuacha biashara ndani ya kodi, shimo lingekuwepo, lakini lingekuwa dogo, na lisingewafundisha watu laki tatu na zaidi kujibadilisha majina.

Brownback aliondoka mwishoni mwa Januari 2018 kwenda kuwa balozi wa Marekani wa uhuru wa dini, baada ya Makamu wa Rais Mike Pence kulazimika kupiga kura ya kuvunja sare katika Seneti ya Washington. Novemba mwaka huo Laura Kelly, Mdemokrati aliyekuwa amekaa miaka mingi katika kamati ya bajeti ya Seneti ya jimbo, akachaguliwa gavana. Mwaka 2022 alitia saini sheria ya kuishusha kodi ya jimbo kwenye chakula kwa hatua: asilimia 4 Januari 2023, asilimia 2 mwaka uliofuata, na sifuri kuanzia Januari 2025.

Na kodi ya mapato? Mwaka 2024 Kelly na Bunge walikubaliana kuishusha hadi viwango viwili, 5.2 na 5.58. Aprili 2025 Bunge lilipindua kura yake ya turufu na kupitisha mpango wa kuishusha zaidi, kuelekea asilimia 4 kwa wote. Safari hii kupungua hakuendi kwa kalenda. Kiwango kinashuka pale tu makusanyo yanapozidi kipimo kilichowekwa na akiba ya jimbo ikiwa imejaa kiasi.